AFYA YA NYUMBANI: Ukoga wa Meno ya Watoto

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wengi huutumia usemi huo wanenapo habari za nyumba, au deni la dukani, au ugomvi wa ndugu. Ni wachache waukumbukao wanapotazama kinywa cha mtoto, na hali ufa wa jino huanza mdogo kuliko ufa wa ukuta wowote.

Karani mmoja, mwenye kazi mjini na shamba dogo nyumbani, alikuwa na desturi ambayo kwa macho yake ilikuwa njema. Kila mwisho wa mwezi, akiisha kupokea mshahara, alinunua mfuko wa peremende akawapelekea watoto wake. Watoto walimlaki njiani kwa furaha, na mfuko ule ulidumu siku nyingi, maana mama yao aliwagawia moja moja, asubuhi, mchana na jioni, ili wasiumalize upesi.

Basi mtoto wake wa pili, mvulana wa miaka minane, alianza kulia usiku kwa ajili ya jino. Nyanya yake akamwekea karafuu, maumivu yakapoa. Usiku wa pili yakarudi. Usiku wa tatu shavu likavimba. Baba hakufadhaika sana.

“Mama,” alimwambia mama yake, “hilo ni jino la utotoni. Litang’oka lenyewe, na jingine litaota.”

“Mwanangu,” akajibu bibi yule, “mimi nimelea watoto saba, wala sikuona jino la utotoni likikaa nyuma kabisa namna hiyo. Mpeleke mtoto hospitali.”

Asubuhi wakaenda. Tabibu wa meno akamulika kinywa cha mtoto, kisha akamwuliza baba, “Bwana, je, jino hili lilipata kung’oka hapo kwanza?”

“La, Bwana Daktari, halijang’oka bado. Ni la utotoni.”

“Halijang’oka kwa sababu hili ndilo la ukubwani. Liliota alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya magego yote ya utotoni, wala halikungoja jino lolote liondoke. Sasa limeoza mpaka mzizini. Nikiling’oa leo, hataota jingine mahali hapa maisha yake yote.”

Baba akanyamaza kimya. Jino likang’olewa siku ile ile.

Kosa la karani huyo ni kosa la wazazi wengi, waliosoma na wasiosoma. Hutokana na kutojua mambo mawili: thamani ya meno ya utotoni, na tabia ya ukoga.

MENO YA UTOTONI SI YA BURE

Mtoto huanza kuota meno apatapo miezi 6 hivi, na afikapo umri wa miaka 2 na nusu au 3 huwa amekwisha pata meno yake yote 20, yaani meno ya mbele 8, chonge 4 na magego 8. Meno ya mbele huanza kung’oka yapata mwaka wa 6 au wa 7. Lakini magego ya utotoni hukaa kinywani mpaka mtoto afikishe miaka 10, au hata 12. Maana yake ni kwamba gego moja la utotoni humtumikia mtoto kwa miaka 8 au zaidi. Ni mkulima gani atakayeliacha jembe lake liliwe na kutu kwa sababu tu anatumaini kununua jingine baada ya miaka minane?

Katika miaka hiyo meno ya utotoni yana kazi zake. Mtoto hutafuna kwayo chakula kimjengacho mwili, na hujifunza kwayo kutamka maneno sawasawa. Kadhalika kila jino la utotoni huishika nafasi ya jino la ukubwani litakalokuja. Gego la utotoni liking’olewa kabla ya wakati wake, majirani zake husogea na kuiziba nafasi ile. Na jino la ukubwani likija hukuta mlango umefungwa, likaota upande. Tena, jino la utotoni likifanya jipu mzizini, ubaya huo waweza kulifikia jino changa la ukubwani lililofichwa chini yake, likatoka na kasoro.

Zaidi ya hayo yako maumivu yenyewe. Mtoto aumwaye na jino hali vizuri, halali vizuri, na hata akienda shuleni akili yake haiko kwa mwalimu. Wazazi humwona mzembe, kumbe ni mgonjwa.

Yafaa pia kujua kwamba ganda gumu la nje la jino la utotoni ni jembamba kuliko lile la jino la ukubwani. Kwa hiyo uozo ukianza, hufika ndani upesi sana.

UKOGA NI KITU GANI?

Ukoga ni ule utando laini, mweupe au wa manjano kidogo, unaonata juu ya jino, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Mtu mzima aweza kuujua kwa kukwaruza jino lake mwenyewe kwa ukucha safi aamkapo asubuhi. Wengi hudhani kwamba ni mabaki ya chakula, lakini sivyo. Ni vijidudu vilivyo hai, visivyoweza kuhesabika, vilivyojishikamanisha pamoja juu ya jino kama vile kuvu ishikavyo jiwe la mtoni.

Mtu wa kwanza aliyeandika habari za vijidudu hivyo hakuwa daktari. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft katika nchi ya Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, ambaye alijitengenezea kwa mkono wake vioo vya kukuzia vitu vidogo. Mwaka 1683 aliwaandikia wataalamu wa London akisema kwamba alitwaa uchafu mweupe kutoka kati ya meno yake, akautazama kwa kioo chake, akaona viumbe vidogo sana vikienda huku na huko. La kustaajabisha ni kwamba yeye alikuwa mtu wa kusugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, na hata hivyo aliviona. Kwa maana ukoga hauondoki mara moja ukawa umekwisha. Ukisafishwa sasa, baada ya saa chache huanza kujijenga tena.

Yapata miaka mia mbili baadaye, mwaka 1890, tabibu wa meno wa Kimarekani aitwaye Willoughby Miller, aliyekuwa akifundisha Berlin, alitoa kitabu akieleza jinsi vijidudu vya kinywani vinavyogeuza sukari na wanga kuwa asidi, yaani maji makali. Na asidi hiyo ndiyo iyeyushayo jino kidogo kidogo mpaka likatoboka. Tangu zamani watu wa nchi nyingi wameamini kwamba jino huliwa na mdudu mfano wa funza akaaye ndani yake. Imani hiyo ilikuwa karibu na kweli, ila haikuifikia. Vijidudu vipo, lakini haviumi wala havitafuni jino. Vyenyewe hulishwa na mwenye kinywa, na takataka zao ndizo ziharibuzo.

Ukoga ukiachwa siku nyingi, madini yaliyomo katika mate huingia ndani yake, ukawa mgumu kama chokaa. Hapo mswaki hauwezi kuuondoa tena. Ufizi nao huwa mwekundu, huvimba, na hutoka damu uguswapo. Mzazi akiona damu katika mate ya mtoto apigapo mswaki, asiache kumsafisha kwa kumhurumia. Mara nyingi damu hiyo ni dalili ya ukoga uliosahauliwa, na ufizi hupona ukoga ukiondolewa kwa upole kila siku. Isipokoma, ampeleke hospitali.

SUKARI NA SAA

Baadhi ya wazee husema, “Sisi hatukujua mswaki wa dukani, na meno yetu ni mazima.” Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Wazee wengi walikuwa na mswaki wa mti, na tena hawakulelewa na sukari. Katika Kenya sukari ilizidi kuenea madukani kadiri viwanda vilivyoongezeka. Chemelil ilianza kazi mwaka 1968, na Mumias mwaka 1973. Mjukuu wa leo hunywa chai tamu asubuhi, hula mandazi saa nne, hupewa peremende mchana na soda jioni. Kinywa chake si kinywa cha babu yake.

Jambo kubwa hapa ni mara ngapi sukari inaingia kinywani, kuliko wingi wake. Kila mtoto alapo kitu kitamu, ukoga huanza kutoa asidi baada ya dakika chache tu, na mate huhitaji nusu saa hivi, pengine zaidi, kuituliza asidi ile na kulirudishia jino madini yaliyopotea. Basi na mtu afanye hesabu. Mtoto alaye peremende sita pamoja, mara baada ya chakula cha mchana, huyatia meno yake katika shida mara moja. Mtoto apewaye peremende hizo hizo sita moja moja kutwa nzima, huyatia katika shida mara sita, yaani saa tatu au zaidi. Yule mama aliyegawa peremende kidogo kidogo alifanya hivyo kwa kuwa ni mwangalifu wa matumizi, naye hakujua kwamba uangalifu ule ndio uliolisha ukoga.

Jambo hili lilionekana wazi katika uchunguzi uliofanywa hospitali ya Vipeholm, katika mji wa Lund, nchi ya Sweden, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1954. Wagonjwa waliokula sukari pamoja na chakula hawakuoza meno sana; lakini waliopewa peremende zinatazo kati ya milo, meno yao yaliharibika vibaya. Wagonjwa wale walikuwa watu wenye upungufu wa akili ambao hawakuombwa idhini, na leo uchunguzi wa namna hiyo haukubaliki. Lakini wazazi wa leo wasiache kujifunza kwa hasara ya watu wale.

Usiku una hatari yake peke yake. Mtu alalapo mate hupungua, na jino hukosa mlinzi. Kwa hiyo si vema kabisa kumlaza mtoto akiwa na chupa ya maziwa yenye sukari, au chai, au maji ya matunda. Maziwa ya mama ni chakula bora wala yasizuiliwe. Lakini mtoto akiisha kuota meno, meno hayo yasafishwe. Baada ya kusafishwa usiku, asipewe kitu kingine ila maji.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kabla meno hayajaota, mama aweza kumpangusa mtoto fizi kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji, ili azoee kuguswa kinywa. Jino la kwanza likiisha kutoka, na aanze kutumia mswaki mdogo wenye nywele laini, mara mbili kwa siku: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Siku ambayo kazi ni nyingi na mara moja tu ndiyo iwezekanayo, iwe ni ile ya usiku.

Dawa ya meno iwe ile yenye madini ya floraidi, kwa maana floraidi hulitia ganda la jino nguvu ya kushindana na asidi. Lakini kipimo ni kidogo. Kwa mtoto asiyetimiza miaka 3, yatosha kiasi cha punje moja ya mchele. Kwa mtoto wa miaka 3 mpaka 6, kiasi cha punje moja ya njegere. Mtoto afundishwe kutema wala asimeze, tena asisukutue kwa maji mengi, maana maji huiondoa dawa kabla haijafanya kazi yake. Dawa iwekwe mahali asipoweza kuifikia, kwa kuwa ni tamu na watoto hupenda kuila.

Njia rahisi ya kumsafisha mtoto mdogo ni kumlaza kichwa chake kikiwa mapajani mwa mzazi, uso ukielekea juu. Mzazi amwinue mdomo kwa kidole, aone vizuri, kisha apitishe mswaki taratibu, kwa mwendo mfupi mfupi, pale jino linapogusana na ufizi; upande wa nje, upande wa ndani, na juu ya magego. Dakika mbili zatosha. Nguvu haihitajiki, maana ukoga ni laini.

Wazazi wengi hukosea hapa: humpa mtoto wa miaka minne mswaki na kumwambia, “Nenda ukapige mswaki.” Mtoto hutii, hutafuna mswaki, humeza dawa, hurudi akicheka, na ukoga umebaki pale pale. Mkono wa mtoto haujawa na ustadi wa kazi hiyo mpaka afikie miaka 7 au 8. Kabla ya hapo na ajaribu kwanza mwenyewe, kisha mzazi amalizie.

Kila mtoto awe na mswaki wake, na ubadilishwe baada ya miezi 3 hivi, au mapema zaidi nywele zikitawanyika. Mahali ambapo mswaki wa dukani haupatikani, mswaki wa mti ni msaada wa kweli. Watu wa pwani na wa nchi kavu za kaskazini wameutumia tangu kale, na mti wenyewe umepewa jina la kazi yake. Kijiti kiwe kibichi, ncha itafunwe mpaka iwe kama burashi, nao mzazi autumie kwa upole, akiukumbuka upande wa ndani wa magego, ambao ni vigumu kufikiwa. Mchanga, majivu na mkaa visitumiwe, kwa sababu hukwaruza ganda la jino. Na ule ukoga uliokwisha kuwa mgumu usibanduliwe kwa kisu, wembe wala pini. Hiyo ni kazi ya tabibu wa meno.

SI KILA DOA NI UKOGA

Wakazi wa Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, Gilgil na Naivasha, huona watoto wengi wenye meno ya rangi ya kahawia. Doa hilo si ukoga, wala mtoto asipigwe kwa uchafu asioufanya. Hutokana na floraidi iliyozidi katika maji ya visima vingi vya huko, ambayo hutoka katika mawe ya volkano. Kiasi kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ndicho kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na visima vingine hupita kiasi hicho mara nyingi. Doa huingia wakati jino lingali likijengwa ndani ya ufizi, kwa hiyo kulisugua hakuliondoi. Wazazi wa huko wafanye bidii ya kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 8, na wamwulize tabibu juu ya dawa ya meno iwafaayo.

Doa la kuogopwa ni jingine: mstari mweupe usiong’aa, kama chaki, juu ya meno ya mbele karibu na ufizi. Huo ndio ufa wenyewe. Jino linapoteza madini yake lakini halijatoboka. Likitunzwa wakati huo, kwa mswaki, floraidi na kupunguza vitu vitamu, uharibifu waweza kusimama, hata na kurudi nyuma. Likiisha kufanya tundu, hakuna mswaki utakaoliziba.

MWISHO WA MWEZI

Siku ile alipokuwa akitoka hospitali, karani yule aliulizwa na tabibu kama ana watoto wengine. Akajibu kwamba yuko msichana wa miaka miwili. Tabibu akamwambia, “Ukifika nyumbani, Bwana, mwinue mdomo wa juu utazame.”

Akafanya hivyo jioni ile, mama yake akishika taa. Akauona mstari mweupe juu ya meno mawili ya mbele.

Tangu hapo peremende hazikukatazwa kabisa katika nyumba ile, ila zililiwa mara moja kwa juma, baada ya chakula cha mchana, zikaisha siku hiyo hiyo. Kila usiku baba au mama humlaza msichana yule mapajani na kumsafisha. Na siku ya mshahara, baba afikapo nyumbani, watoto humlaki njiani kama kwanza. Lakini kabla ya jambo lolote, huketi kizingitini, akawaita mmoja mmoja, akawainua mdomo na kutazama. Akifika kwa yule mvulana hukaa kidogo, maana hapo pana pengo, nalo litakuwapo hata mtoto atakapokuwa mzee.

Mzazi asomaye habari hii hana haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Na amwite mtoto wake usiku huu, mahali penye mwanga, amwinue mdomo, atazame.